Je, yoga ni mazoezi ya viungo, ni dini, au ni jambo jingine kabisa?

Mdadisi

Salaam kwenu nyote. Nimekuwa nikifanya yoga kwa muda sasa, baada ya kushauriwa kwamba ingenipunguzia maumivu ya kiuno, na kwa hakika imenisaidia. Kinachonisumbua si mazoezi yenyewe bali maneno yanayoyazunguka, kwa maana kila ninayezungumza naye ananipa maelezo yasiyopatana na ya mwenzake. Mmoja ananiambia kwamba yoga ni kunyoosha viungo tu, na kwamba wanaotafuta maana ndani yake wanajisumbua bure. Mwingine, mtu mwenye imani thabiti ninayemheshimu sana, ananionya kwamba kila mkao ni ibada kwa mungu fulani, nami ninaabudu bila kujua. Wa tatu anasema kwamba viungo vyangu vimekakamaa mno, hivyo nafasi hiyo niwaachie wenye miili laini. Wapo pia wanaoshikilia kwamba lengo ni kufuta kila wazo kichwani, jambo ambalo kila nikilijaribu mawazo huzidi kuja kwa wingi.

Ninauliza kwa dhati: ni yapi kati ya haya yaliyo kweli? Na kama ipo maana iliyo ndani zaidi, mtu wa kawaida mwenye kazi na familia anaifikiaje? Ningeshukuru kupata majibu ya watu wanaojua chimbuko la jambo hili, maana matangazo nimeyasoma ya kutosha.

Mwalimu wa Pumzi

Ndugu Mdadisi, ninafundisha yoga, na nitaanza na mwili kwa sababu ndiko wengi wanakoingilia, na wengi wao hawavuki hapo.

Kitabu ambacho mapokeo mengi ya yoga hukirejea ni Yoga Sutra, kinachonasibishwa na Patanjali, ambacho watafiti wengi wa leo wanakadiria kuwa ni cha karne ya 4 au ya 5. Ni mkusanyiko wa kauli fupifupi 195, au 196 katika baadhi ya nakala, zilizogawanywa katika sura nne. Kati ya kauli zote hizo, zinazohusu mkao wa mwili ni tatu tu. Ya kwanza inasema kwamba mkao uwe imara na wenye raha. Ya pili inaeleza kwamba hali hiyo hupatikana kwa kulegeza juhudi na kuielekeza akili kwenye kisicho na mwisho, na ya tatu inasema kwamba aliyeifikia hasumbuliwi tena na mambo yanayokinzana, kama vile joto na baridi. Hakuna kauli hata moja inayomtaka mtu aguse vidole vya miguu au aweke kisigino nyuma ya kichwa. Ufafanuzi wa kale unaoambatana na kauli hizo unataja mikao michache kwa majina, mingi ikiwa ya kukaa chini, kwa kuwa mkao ulikuwa na kazi moja: kumwezesha mtu atulie kwa muda mrefu bila mwili wake kumwita kila dakika.

Mwili ulianza kupewa uzito mkubwa zaidi katika mapokeo ya hatha, yaani yoga ya mazoezi ya mwili na pumzi, ambayo yalistawi karne nyingi baadaye. Hata hivyo Hatha Pradipika, kitabu mashuhuri cha karne ya 15 kilichotungwa na Svatmarama, kinaeleza mikao 15 tu, na sehemu kubwa iliyobaki inahusu pumzi, usafi wa mwili na hali za ndani za akili. Ile mikao ya kusimama ambayo leo huonekana kwenye kila bango la yoga, humo hutaikuta. Mingi ya hiyo ilipata sura tunayoijua katika karne ya 20, na mtu anayetajwa zaidi ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha katika kasri la mfalme wa Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930, mahali ambapo mapokeo ya kale yalikuwa yakiishi jirani na mieleka ya Kihindi na mazoezi ya viungo kutoka Ulaya. Wanafunzi wake ndio waliouvusha mtindo huo mipaka: B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois, na Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga ambaye mwalimu huyo alisita kumpokea mwanzoni, na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 alifungua chumba cha mafunzo Hollywood. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mfululizo wa mikao unaoufanya umedumu miaka 5,000 bila kubadilika anakuambia jambo lisilo na ushahidi. Wala upya wake si aibu. Mimi mwenyewe nafundisha mikao hiyo kila siku na ninaithamini. Ninachokataa ni kuizeesha kwa hadithi ili ionekane takatifu, kisha kuifanya ndiyo yoga nzima.

Basi yoga nzima ni nini? Patanjali anaipanga katika viungo vinane. Mkao ni cha tatu na kudhibiti pumzi ni cha nne. Kuanzia cha tano hadi cha nane ni safari ya umakini: kuzirudisha hisi ndani, kuikaza akili mahali pamoja, kudumu hapo bila kukatika, na hatimaye kuzama kiasi kwamba anayetazama hajitenganishi na anachokitazama. Mimi ningependa utazame viwili vya mwanzo, kwa sababu ndivyo vinavyorukwa zaidi. Cha kwanza kinahusu jinsi unavyoishi na wengine: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia tamaa za mwili, na kutojilimbikizia. Cha pili kinahusu jinsi unavyojilea mwenyewe: usafi, kuridhika, kujinidhamisha, kujisoma, na kujikabidhi kwa Mungu. Haya yamewekwa mbele kwa sababu iliyo wazi. Mtu aliyedanganya asubuhi, akamwonea mtu mchana, hawezi kuketi jioni akaipata akili yake ikiwa tulivu, hata awe na mgongo ulionyooka namna gani, kwa kuwa alichokitenda kitakuja kuketi pamoja naye.

Kuna kauli moja katika sura ya kwanza ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue kabla hajajifunza mkao wowote. Inasema kwamba akili husafika mtu anapokuwa na urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wenye mateso, furaha kwa watendao mema, na utulivu wa moyo kwa watendao mabaya. Hebu ifikirie ile ya kwanza. Tungetarajia tuambiwe tuwahurumie wanaoteseka, na hilo limo. Lakini imeanza na kuwa rafiki wa aliyefanikiwa, kwa sababu aliyeiandika alijua kwamba furaha ya mwenzako inaweza kuichafua akili yako kuliko hata dhiki yake. Hilo ni zoezi la yoga, na halihitaji mkeka.

Sasa urudi kwenye mkeka uone vinavyounganika. Chukua ule mkao wa kusimama miguu ikiwa imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa pande mbili. Sekunde chache za mwanzo hazina tabu. Kisha paja linaanza kuwaka, na ukijichunguza utaona mambo yanafuatana: pumzi inakwama, taya linakaza, mabega yanapanda kuelekea masikioni, na macho yanahama taratibu kwenda kwa aliye pembeni kuona kama yeye ameshuka zaidi. Hapo ndipo somo lilipo. Umekutana na usumbufu mdogo usio na hatari, na umeona unavyoukabili: kwa kujikaza, kwa kujilinganisha, au kwa kutamani uishe. Ukiweza kulegeza taya, kuiruhusu pumzi ipite, na kuyarudisha macho mbele, umejifunza jambo utakalolihitaji siku utakapojibiwa vibaya na mtu unayempenda. Aliyekunja goti kidogo tu akayaona hayo yote amefanya yoga kuliko aliyegusa sakafu kwa paja huku akili yake ikiwa kwenye kioo.

Msomaji wa Usiku

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake, nami ningependa kulijibu swali la dini, kwa kuwa aliligusa kidogo, na ninadhani linastahili uaminifu zaidi ya lile jibu la haraka kwamba yoga haina uhusiano wowote na dini. Mimi ni Mwislamu, na nimelisoma jambo hili kwa sababu ileile iliyokuleta wewe hapa.

Kusema kwamba yoga haihusiani kabisa na dini si kweli. Imekulia katika ardhi ya Uhindu, Ubudha na Ujaini, na kila mmoja umeitumia kwa shabaha yake. Bhagavad Gita, ambamo mafundisho mengi ya yoga yamo, ni maandiko matakatifu kwa mamilioni ya Wahindu, na ni haki yao kwamba tusiyazungumzie kana kwamba yameokotwa njiani. Vilevile baadhi ya mikao imepewa majina ya miungu na mashujaa wa visa vyao; ule mkao wa shujaa aliouelezea Mwalimu unabeba jina la Virabhadra. Mingine mingi ina majina ya kawaida tu: mti, mlima, nyoka, mashua. Jina halimfanyi mtu kuwa mwenye kuabudu, lakini ni vyema alijue asije akaambiwa na mwingine akashtuka.

Kusema kwamba kila mkao ni ibada nako si kweli, na hapa ndugu yako mwenye imani amekwenda mbali kuliko ushahidi. Katika kauli za Patanjali, kujikabidhi kwa Mungu kunatajwa kama njia mojawapo ya kuifikia hali ya kuzama, huku njia nyingine zikitajwa kando yake, na hakuna mahali anaposema kwamba kukunja mguu ni kumtolea mtu sadaka. Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale nyimbo na maneno matakatifu yanapoambatanishwa na mazoezi, au pale mfululizo wa kulisalimia jua unapofanywa pamoja na maneno yake ya asili ya kulitukuza jua. Mfululizo huohuo unafanywa na watu wengi kama mazoezi ya viungo tu, na ulienezwa kwa namna hiyo katika miaka ya 1920 na mtawala wa Aundh, huko India. Kinachoutenganisha mmoja na mwingine ni nia ya mtendaji na maneno anayoyatamka.

Wasomi wa dini yetu hawakuacha kulitazama jambo hili, na hukumu zao zinafuata mstari huo. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi, maneno ya ibada na shabaha za kiroho za Kihindu. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza ile yenye mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na ibada, likaiacha ile ambayo ni mazoezi ya mwili peke yake. Saudia iliitambua yoga kuwa miongoni mwa shughuli za michezo mwaka 2017. Wasiwasi huu si wa Waislamu peke yao pia. Jimbo la Alabama, nchini Marekani, liliipiga marufuku yoga katika shule zake za umma mwaka 1993, na lilipoiruhusu mwaka 2021 liliweka sharti kwamba yasiwepo maneno ya kuimba wala salamu ya namaste, na mikao itajwe kwa majina ya Kiingereza tu.

Naomba niongeze jambo moja la zamani, maana linanigusa. Katika karne ya 11, al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alikitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu pamoja na ufafanuzi wake. Hakukikubali kila kilichomo, na alikotofautiana nacho alitofautiana nacho, lakini alikisoma kwa subira, akauliza, akalinganisha na mafundisho ya Masufi na ya Wagiriki. Katika karne ya 16, Muhammad Ghawth wa Gwalior, shehe wa tarika ya Shattari, aliandika kwa Kiajemi kitabu kinachoeleza mikao na mbinu za pumzi za mayogi, na kuzisogeza karibu na dhikri. Hao walikuwa watu wa imani thabiti. Kwa hiyo, ndugu Mdadisi, usione kwamba ni lazima uchague kati ya kuikimbia yoga na kuimeza nzima. Mazoezi na pumzi unaweza kuvifanya ukiwa na imani yako. Nyimbo ambazo maana yake huijui usiziimbe mpaka uijue. Na ukisoma maandiko yake, yasome kwa heshima unayotaka yako yasomwe nayo.

Tabibu wa Viungo

Nitasema machache kwa upande wa mwili, kwa kuwa ndio kazi yangu.

Kuhusu viungo vilivyokakamaa, hoja ya rafiki yako imegeuzwa juu chini. Wanaohitaji uangalifu zaidi katika darasa la yoga mara nyingi ni wale wenye viungo laini kupita kiasi, kwa sababu wanaweza kufika mwisho wa mzunguko wa kiungo bila misuli kufanya kazi, wakabaki wananing'inia kwenye kano. Nawaona wagonjwa wenye maumivu pale misuli ya nyuma ya paja inapojishikiza kwenye mfupa wa kukalia, kwa sababu ya kujivuta kwa nguvu katika mikao ya kuinama mbele. Wewe uliyekakamaa mwili wako unakuonya mapema, na onyo hilo ukilisikiliza utakunja magoti, utaweka mto chini ya makalio, na utapata faida ileile.

Kuhusu kiuno, ulishauriwa vyema. Chuo cha Madaktari wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2017 kikiitaja yoga miongoni mwa matibabu ya kuanza nayo kwa maumivu sugu ya kiuno kabla ya kukimbilia dawa, pamoja na mazoezi ya kawaida, tai chi (mazoezi ya polepole ya Kichina) na mengineyo. Nafuu inayopatikana kwa kawaida ni ndogo au ya wastani, nayo inahitaji kuendelea. Nalitaja hili kwa sababu kuna waalimu wanaoahidi kwamba yoga itaponya kisukari, saratani na kila kilichopo katikati, na nimekutana na watu walioacha dawa zao kwa ahadi hizo. Wala kujipinda mgongo hakukamui sumu kutoka mwilini. Kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo, uwe umejipinda au umelala.

Yapo mambo manne ambayo mwalimu yeyote anapaswa kuyauliza kabla hajamwelekeza mtu. Mwenye glakoma asigeuze kichwa chini, kwa maana presha ndani ya jicho hupanda mara moja katika mikao hiyo. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asijikunje kwa nguvu kuelekea mbele, kwani pingili za uti wa mgongo zinaweza kubonyea. Mjamzito na mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa wapate ushauri wa daktari wao kwanza. Mwalimu asiyeuliza chochote kati ya haya, na ambaye anakusukuma mgongoni ili ushuke zaidi, mwache.

Mdadisi

Ninawashukuru sana. Suala la dini limenikalia vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia, na aliyeniambia nimekakamaa sasa nina la kumjibu. Naomba nirudi kwenye suala la mawazo. Mwalimu amesema kwamba viungo vinne vya mwisho vinahusu umakini. Mimi nikikaa kimya, dakika mbili hazipiti kabla sijaanza kupanga kazi za kesho, kukumbuka deni, au kurudia mazungumzo ya juzi. Je, hiyo haimaanishi kwamba upande huo haunihusu?

Mwalimu wa Pumzi

Unakuhusu kuliko upande mwingine wowote, ndugu yangu, na swali lako lina wakubwa waliolitangulia. Katika sura ya sita ya Bhagavad Gita, Arjuna, ambaye ni shujaa wa vita na si mtu wa kukata tamaa haraka, anamlalamikia Krishna, mungu anayemfundisha humo, kwamba akili ni kigeugeu, ina nguvu na ukaidi, na kwamba kuizuia kunamwonekea kuwa kugumu kama kuuzuia upepo. Krishna hamwambii kwamba amekosea. Anamkubalia kwamba kweli akili ni ngumu kuizuia, kisha anamwambia kwamba inashikika kwa mazoezi ya kudumu na kwa kutong'ang'ania. Patanjali anayataja mambo hayohayo mawili karibu kabisa na mwanzo wa kitabu chake. Yanakwenda pamoja kwa sababu mazoezi bila kutong'ang'ania humfanya mtu awe mkali kwake mwenyewe, na kutong'ang'ania bila mazoezi ni uvivu uliopewa jina zuri.

Kwa hiyo lile wazo la kuufuta ubongo uwe mtupu liache. Patanjali anazungumzia kutulia kwa mizunguko ya akili, na hilo analieleza kama matokeo ya njia ndefu, si agizo la kujipa unapoketi. Kinachowezekana kwako leo jioni ni hiki. Kaa mahali ambapo mgongo wako unaweza kusimama bila kuchoka; kiti kinafaa kabisa, ilimradi nyayo zifike chini na usijiegemeze kwa uzito wote. Fumba macho au uyainamishe. Usiibadilishe pumzi kwanza. Ifuate tu inapoingia puani ikiwa na ubaridi kidogo na inapotoka ikiwa na joto. Ukishaipata, irefushe ile inayotoka kidogo kuliko inayoingia. Tabibu atanisahihisha nikikosea, lakini moyo wa mtu huenda kasi kidogo anapovuta pumzi na hupungua kasi anapoitoa, na kuirefusha ile inayotoka huusaidia mwili mzima kutulia.

Deni litakuja. Litakuja na tarakimu zake na sauti ya anayekudai. Usilifukuze na usilikaribishe kwa mazungumzo. Tambua tu kwamba umeshaondoka kwenye pumzi, kisha urudi. Ile sekunde ya kutambua kwamba umeondoka ndiyo zoezi lenyewe. Mtu akitangatanga mara nyingi katika kikao kimoja akarudi kila mara, amefanya zoezi mara nyingi, na hana sababu ya kuinuka akiwa na huzuni. Hesabu pumzi moja hadi kumi ukiona inakusaidia, na ukipotea kwenye nne anza tena kwenye moja bila kujilaumu.

Tabibu wa Viungo

Hujakosea, Mwalimu. Ninaongeza tu kwamba mtu mwenye hofu kali au aliyepitia jambo zito maishani anaweza kuona kufumba macho na kukaa na pumzi kunamwongezea taabu badala ya kumpunguzia. Huyo afumbue macho, atembee taratibu huku akizisikiliza nyayo, na akiona hali inazidi azungumze na mtaalamu wa afya ya akili. Kukaa kimya si kwema kwa kila mtu katika kila wakati, na hakuna ushindi wowote katika kujilazimisha.

Mama wa Watatu

Nimesoma yote kwa makini, na ninaona sehemu moja ya swali haijajibiwa, ile ya kazi na familia, nami ninaifahamu kwa karibu. Watu wengi wanadhani kwamba yoga ya ndani ni ya wale wanaoweza kujitenga milimani, au angalau wanaoweza kupata saa mbili za utulivu kila asubuhi. Gita yenyewe inalikataa wazo hilo. Arjuna alitaka kuweka silaha chini na kuondoka, na mafundisho yote anayopewa yanampata akiwa katikati ya wajibu wake. Njia anayoonyeshwa mapema kabisa ni ya kutenda kazi iliyo yako kwa ukamilifu, bila kuyafanya matunda yake kuwa ndiyo kipimo cha thamani yako, na humohumo yoga inaelezwa kuwa ni kuwa na usawa wa moyo katika kufaulu na kutofaulu.

Kwangu hilo limekuwa na sura ya kawaida sana. Mtoto wangu wa kati anapokataa kulala, ninatambua mwilini mwangu yale ambayo Mwalimu aliyaeleza kwenye mkeka: taya linakaza, pumzi inapanda juu kifuani, na maneno makali yanajipanga mdomoni. Siku ninazoweza kuitoa pumzi moja ndefu kabla ya kusema, ninasema jambo tofauti na nililokuwa nimelipanga, naye hulisikia kwa namna tofauti. Siku nyingine siwezi. Ile kanuni ya kutodhuru nimeielewa vyema zaidi chumbani kwa watoto kuliko darasani, kwa sababu hapo ninaweza kuuona uso wa ninayemdhuru.

Halafu kuna sehemu ya Gita ambayo ninampa kila mzazi anayeniuliza, kwa kuwa inaondoa hofu kwamba yoga ni kujitesa. Inasema kwamba yoga si ya mwenye kula kupita kiasi wala ya asiyekula kabisa, si ya mwenye kulala mno wala ya mwenye kukesha. Kwa hiyo usiamke usiku wa manane kwa sababu umesoma kwamba mayogi huamka saa hizo, ikiwa kutwa nzima utakuwa ukiwakaripia watu kwa uchovu. Lala. Ukiamka, kaa kwenye kiti chako muda ambao nyumba inakuruhusu, hata kama ni kabla ya maji ya chai kuchemka, na unaposikia mlango wa chumba cha watoto ukifunguliwa, inuka uende.

Mdadisi

Nitaanza na kiti, jioni hii. Mikao ya kiuno nitaendelea nayo magoti yakiwa yamekunjwa kama Tabibu alivyosema, na ndugu yangu mwenye imani nitampelekea maelezo ya Msomaji wa Usiku neno kwa neno, kwa sababu naamini ile habari ya al-Biruni atapenda kuisoma mwenyewe.